Anga Gumu la Soromba

Njia ya kufika Soromba sitaieleza. Aliyewahi kupotea milimani anaijua, na ambaye hajawahi kupotea hatanufaika na maelezo yangu. Itoshe kusema kwamba nilifika nikiwa na viatu vilivyochanika na hasira za mtu aliyenyeshewa kutwa nzima, na kwamba askari wa kwanza niliyemkuta hakuniuliza jina wala nitokako. Aliniuliza kama viatu vyangu vina udongo.

Nikamwambia vina udongo, tena tele. Akatandika kitambaa cheupe, akaniambia nivikung'ute hapo. Kisha akakikunja kitambaa kwa taratibu, akakiweka kapuni.

"Huu ni wa mlima," akasema. "Ulikuwa unataka kutoka nao."

"Bwana, mimi ndiyo kwanza naingia."

"Wote husema hivyo," akajibu, akanifungulia njia.

Nchi ya Soromba ni mlima mmoja tu, uliosimama peke yake katikati ya uwanda mkavu. Ulizaliwa kwa moto. Miguuni ni mwamba mweusi, mzito, ambao zamani ulitiririka kama uji kisha ukapoa na mikunjo yake. Juu ya mwamba huo kuna tabaka nene la majivu yaliyoshikamana, ya rangi ya kahawia, ambayo ukiyakwaruza kwa ukucha yanakatika. Kwa hiyo ni mlima mgumu chini na dhaifu juu, na ninamwomba msomaji alikumbuke jambo hilo.

Hali ya hewa yake unajitengenezea wenyewe, bila kujali kinachoendelea uwandani. Asubuhi uko wazi. Jua likipanda, ukungu nao unapanda kutoka msituni, na kufika adhuhuri huoni mkono wako. Msituni mvua haina haja ya kunyesha, maana kila tawi linadondosha maji na kila shina limeota ndevu za kijivu. Ukiuacha msitu unaingia kwenye vichaka vya majani membamba yenye harufu kali, halafu kwenye mimea ya ajabu inayozidi kimo cha mtu, ambayo jioni hujifumba kwa kuogopa baridi. Baada ya hapo ni mawe matupu. Mchana jua linababua ngozi, na giza likiingia maji yanaganda ndani ya nyufa, yanavimba, na mwamba unapasuka. Alfajiri unausikia mlima ukivunjika kidogo kidogo. Sijawahi kusikia sauti iliyonitia huzuni kama ile.

Waanzilishi wa nchi walikuwa na macho. Waliona kwamba kila masika mito inashuka ikiwa myekundu, wakatambua kwamba wekundu ule ni mlima wao unaondoka. Wakalia. Halafu wakaapa kwamba kinachoshushwa na mvua, wao watakipandisha. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya Soromba, nayo inaitwa Rudisho. Nimeona nchi zilizoanzishwa kwa mapanga, na moja iliyoanzishwa kwa ulevi. Hii ilianzishwa kwa huruma, na sioni aibu kusema kwamba niliipenda.

Mtoto anapozaliwa, mzazi wake huokota jiwe karibu na nyumba na kulipeleka kileleni. Siku jiwe linapowekwa, mtoto anapewa jina. Kabla ya hapo anaitwa "huyu" tu. Sheria inampa mzazi muda mpaka mtoto atakaposimama mwenyewe bila kushika kitu. Akisimama hana jina, amekwisha kuwa mgeni maisha yake yote: harithi shamba, haoi wala haolewi, na akifa anazikwa nje ya mpaka. Waliponieleza hayo walinitazama kwa huruma, hasa walipofika kwenye habari ya kuzikwa.

Na jiwe likishawekwa kileleni halitoki. Kulishusha kunaitwa kuua, na adhabu yake ni ya muuaji.

Nilipata pa kulala katika kijiji cha Irira, chini ya ubavu wa magharibi, nyumbani kwa Kangero, mchongaji wa mizinga. Alikuwa mpole kiasi kwamba nyuki hawakujisumbua kumuuma. Waliokuwa na sauti katika nyumba hiyo ni mama yake, Bibi Mbonea, na mkewe, Nankondo, na sauti hizo mbili zilikuwa zimeshika ugomvi tangu kabla sijafika.

Ugomvi ulihusu jiwe. Nankondo alikuwa na binti anayetambaa, mnene, mwenye kelele, ambaye siku hizo alikuwa ameanza kujivuta kwa kushika kigoda. Jiwe lake lilikuwa mlangoni, limeoshwa, limefungwa kwenye mbeleko. Mama yake hakutaka kulipeleka.

"Peleka, mwanangu," alisema Bibi Mbonea. "Huyu keshokutwa anasimama. Utamfanya mgeni katika nyumba ya baba yake?"

"Mama, nikaliweke juu ya kichwa chake mwenyewe?"

"Jiwe moja haliangushi mlima."

"Waliopeleka yale mengine nao walipeleka moja moja."

Sikuelewa, mpaka Nankondo aliponitoa nje kunionyesha. Katikati ya Irira kuna mkondo wa kijito, mpana, wenye mawe laini, na ulikuwa mkavu kabisa. Bibi Mbonea alipokuwa msichana kijito kile kilikuwa kikinguruma. Maji yake yalitoka kwenye ziwa lililo juu, katika shimo la moto wa kale, na yalipita kwenye pengo linaloitwa Mdomo. Sasa kilele, mahali pa kuweka mawe, kiko hapo hapo kwenye Mdomo. Vizazi na vizazi vimeweka mawe ya watoto wao penye pengo hilo, kwa upendo, kwa nyimbo, mpaka limezibika. Wanawake wa Irira walikuwa wakienda mwendo wa nusu siku kutafuta maji, na juu ya vichwa vyao ziwa likizidi kujaa.

"Shika hapa," aliniambia Nankondo. Tulikuwa tumepanda hadi penye ukuta wa majivu unaoinuka nyuma ya mashamba. Nikaushika. Ulikuwa baridi na laini, na mkono ulirudi na tope.

"Nani anajua habari hii?" nikamwuliza.

"Wote."

Nilidhani anatia chumvi. Lakini katika safari yangu yote sikukuta Msoromba hata mmoja asiyejua. Kila mtu niliyemwuliza aliinamisha kichwa na kusema kwamba ni kweli, ukuta unalia, masika mazito yakija hautastahimili, na Irira itakwenda. Kisha aliniuliza kama nimeonja asali yao.

Asubuhi moja yule mtoto alisimama. Aliachia kigoda, akayumba, akakaa chini kwa kishindo, na hakuna aliyecheka. Bibi Mbonea alimfunika kwa khanga upesi, kana kwamba askari wako dirishani. Nankondo akanyanyua mbeleko, akajifunga jiwe mgongoni. Bibi akachukua fimbo yake, kwa sababu sheria inataka shahidi mtu mzima wa ukoo. Kangero alibaki na mtoto, amempakata, amemshika miguu ili asijaribu tena. Mimi nilifuata kwa sababu sikuweza kukaa.

Kilele cha Soromba kina bendera, kibanda cha askari, mabenchi ya mawe ya Baraza la Kimo, na kiti cha Mlinzi wa Kimo, kilichochongwa kwa mti mmoja na kizito kupita kiasi. Kiti kimewekwa mahali pazuri, pamekingwa upepo, mbele kabisa ya Mdomo. Aliyekikalia alikuwa Mheshimiwa Sekiete, mzee mwembamba aliyejifunika ngozi mbili za kondoo, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Alinikaribisha kwa adabu, akanipa nafasi karibu na moto.

Ukungu ulikuwa haujafika. Nikainua macho. Nyuma ya kiti, mlima uliendelea kupanda. Ulipanda sana. Kulikuwa na mteremko wa kokoto, kisha majabali, kisha ncha nyeusi iliyochongoka, yenye kipande cha barafu ubavuni na moshi mwembamba ukitoka kwenye ufa.

"Mheshimiwa," nikasema, "na kile je?"

"Kipi?"

"Kile, pale juu."

"Lile ni anga," akasema.

"Lina mawe."

"Ni anga gumu."

Nilidhani ananitania. Hakuwa akinitania. Alinieleza kwa upole, kama mtu aliyekwisha kuulizwa mara nyingi. Zamani kiti kilikuwa juu zaidi. Mlinzi mmoja alikuwa na kifua kibovu, wakakishusha kidogo apate kupumua. Aliyemfuata hakupenda barafu. Mwingine alikuwa mnene. Sheria inasema kilele ni pale Mlinzi anapopokea mawe, kwa hiyo kila kiti kilipoteremka, kilele nacho kiliteremka. Na kwa kuwa juu ya kilele hapawezi kuwa na kitu isipokuwa anga, ilibidi kilichobaki kiitwe hivyo. Mawe yanayoporomoka kutoka huko huhesabiwa kuwa ni mvua.

Watu hawa walioapa kwamba mlima wao usipungue walikuwa wameupunguza kwa kiti, na hakuna mvua iliyowahi kuwashushia mlima kiasi hicho.

"Sisi si wajinga, mgeni," akasema Sekiete, akiutazama moto. "Nina macho. Lakini niambie, ni nani atakayekuwa wa kwanza kusema kwamba mawe ya babu zetu yaliwekwa pasipo kilele? Ina maana hayakurudishwa. Ina maana sisi sote hatuna majina."



Alipoitwa, Nankondo alisogea mbele ya kiti na jiwe lake mgongoni. Askari akanyoosha mkono amwonyeshe pa kuliweka. Hakuliweka.

"Mheshimiwa, ninaomba mawe ya Mdomoni yaondolewe," akasema. "Machache tu ya juu, maji yapate kupita."

Mabenchi yalitoa mnong'ono. Bibi Mbonea alifumba macho.

"Binti," akasema Sekiete, "unajua kushusha jiwe kunaitwaje."

"Najua. Siombi kuyashusha. Naomba kuyapandisha."

"Kuyapandisha wapi?"

Akaonyesha kwa kidole. Wajumbe wa Baraza walifuata kidole kile kwa macho, kisha wakaona aibu, wakatazama chini.

Mjadala uliofuata niliusikiliza mwanzo hadi mwisho, na ninaueleza kwa ufupi kwa sababu ulichukua asubuhi yote na moto ulizimika. Mjumbe mmoja alisema kwamba kitu kinachokanyagika ni ardhi. Mwingine akamwuliza ni nani aliyewahi kukikanyaga, na kwa kuwa hakuna, swali likaanguka. Wa tatu, mtu mwenye sauti nzuri, alisema anasikitika sana kuhusu Irira, yeye mwenyewe ana shangazi kule, lakini nchi haiwezi kubadilisha umbo lake kwa sababu ya shangazi. Wa nne alipendekeza ukuta wa majivu upakwe chokaa usionekane umelowa. Pendekezo hilo liliungwa mkono na wengi, nami nilihisi damu ikinipanda kichwani. Nikasimama, nikasema chokaa haizuii ziwa. Wakanijibu kwa heshima kwamba wanajua.

Mwishowe Sekiete akainua mkono. Alionekana amechoka kuliko nilivyomkuta.

"Anga ni anga," akasema. "Hatumzuii mtu kwenda angani, maana hakuna askari wa kulinda huko. Lakini anayekwenda angani ametutoka. Tutamlilia, na hatutamwona tena. Hiyo ndiyo hukumu."

Nadhani alitaka kumtisha arudi nyumbani. Nadhani pia, na hili nalisema kwa kusitasita, kwamba alikuwa anamfungulia mlango, na hakuwa na mlango mwingine. Nankondo alimtazama mkwewe. Bibi Mbonea alikuwa bado amefumba macho. Basi akaivuta mbeleko ikaze, akapita nyuma ya kiti, akaanza kupanda.

Niliuliza kama nami nikipanda nitahesabiwa nimekufa. Wajumbe waliteta kidogo, wakaniambia sheria ya marehemu haiwahusu wageni. Nikamfuata.

Sitajisifu kwa kupanda kule. Nilipanda kwa mikono na magoti, nikiwatukana wajumbe mmoja mmoja mpaka pumzi ikaniishia. Kokoto ziliteleza chini ya miguu yetu, hatua moja mbele na nusu nyuma. Kisha yakaja majabali meusi, makali, yenye barafu kivulini na joto juani, na harufu ya mayai yaliyooza kutoka kwenye ufa unaofuka moshi. Nankondo alitangulia. Mara mbili alisimama kunisubiri, bila kuniambia kitu, na nilimshukuru kwa kutoniambia kitu.

Ncha yenyewe ni ndogo, haizidi sakafu ya jiko. Upepo unapiga kutoka pande zote. Chini yetu tuliona nchi nzima, ziwa la kijani kwenye bakuli lake, kiti kama punje, na mbali kabisa mashamba ya Irira. Lakini Nankondo hakuwa anatazama chini. Alikuwa amepiga magoti.

Pale, katikati ya mwamba mweusi uliopasukapasuka, palikuwa na lundo la mawe ya duara. Yalikuwa laini, ya kijivu, mawe ya mtoni, yaliyosuguliwa na maji ambayo kule juu hayajawahi kufika. Kuvu ya manjano ilikuwa imeyafunika. Mtu aliyabeba. Watu wengi waliyabeba, mmoja baada ya mwingine, kabla ya kiti kuanza kuteremka.

"Walifika," akasema Nankondo. "Bibi zetu walifika hapa hapa."

Akafungua mbeleko, akaliweka jiwe la binti yake pamoja na yale. Halafu akalia, na mimi nikalia, na kwa baridi ile machozi yalituuma usoni.

Tulipokuwa tunateremka tukasikia kilio. Kule kileleni walikuwa wameanza msiba. Wanawake waliofika siku hiyo na mawe ya watoto wao walikuwa wameketi chini na kujifunika vichwa, na wajumbe wamevua kofia. Bibi Mbonea alikuwa amekaa katikati yao, mgongo wima, analia kwa sauti ya juu, kama inavyompasa mama wa nyumba. Nankondo alitembea moja kwa moja hadi mbele yake.

"Mama."

Bibi Mbonea aliendelea kulia, akiangalia jiwe lililokuwa mbele ya miguu yake.

"Mama, ni mimi. Nimerudi."

Bibi hakuinua uso. Badala yake alimgeukia Sekiete, akasema kwa nguvu, kila mtu asikie:

"Mheshimiwa, mwanangu ametutoka. Sheria inasema mtoto aliyefiwa na mama kabla ya kupewa jina hurithi jina la mama yake, bila jiwe. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli, Bibi."

"Basi mjukuu wangu ana jina. Anaitwa Nankondo. Ni Msoromba tangu leo, na mtu asije akamharibia."

Nilimwona Nankondo akielewa. Uso wake ulilegea, kisha ukakaza. Kama angerudi kuwa hai, hata kwa siku moja, mtoto wake angekuwa mgeni. Mkwewe alikuwa amelipata jina la mtoto kwa bei hiyo, na alikuwa anamwomba, kwa njia pekee iliyokuwapo, akubali. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumshika yule bibi mabega na kumgeuza amtazame. Lakini niliona machozi yake, na hayakuwa ya msibani.

Nankondo akageuka, akaenda Mdomoni, akainama, akanyanyua jiwe la juu kabisa.

Askari akainua rungu. Akalishikilia hewani, akamtazama Mlinzi.

"Unamwona nani?" akauliza Sekiete.

Nankondo alikuwa mbele yake, jiwe kifuani, anahema.

"Simwoni mtu, Mheshimiwa."

"Basi ni upepo," akasema Sekiete, akajivuta zaidi ndani ya ngozi zake. "Leo upepo ni mkali."

Na lile jiwe likapanda angani.

Nilikaa Soromba mpaka masika. Mwanzoni alikuwa peke yake. Kisha akaongezeka mzee mmoja wa Irira, asiye na watoto wala shamba la kurithisha, aliyepita nyuma ya kiti asubuhi akaliliwa mchana. Wakafuata wengine, wengi wao wazee, na dada wawili ambao hawakuolewa. Walijenga vibanda chini ya majabali. Waliyaondoa mawe kidogo kidogo, kutoka juu, ili ziwa lisitoke kwa hasira. Chakula walikikuta asubuhi kimewekwa kando ya njia, na ukiwauliza walio hai ni cha nani, wanasema ni cha ndege. Kileleni kila mtu alijifunza kusema "ni upepo" bila kukunja uso, hata watoto.

Nilidhani kwamba kazi ikianza kuonekana, Baraza lingesimamisha Rudisho penye Mdomo, angalau kwa msimu. Nilimweleza hivyo Mheshimiwa Sekiete. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia kwamba watoto wanaendelea kuzaliwa na wanahitaji majina, na kwamba siku hizi, kwa bahati njema ambayo Baraza halijaifanyia uchunguzi, nafasi ya kuweka mawe haikosekani.

Maji yalifika Irira siku ya ukungu. Kwanza mawe ya mkondo yalilowa, kisha kukawa na mfereji mwembamba, na jioni watu wote walikuwa wamesimama ukingoni. Ukuta wa majivu uliendelea kulowa kwa wiki kadhaa, halafu ukaanza kukauka kutoka juu. Mvua kubwa zilipokuja, ulisimama.

Siku niliyoaga nilimkuta Bibi Mbonea kijitoni na mjukuu wake. Mtoto alikuwa anatembea sasa, miguu imepanuka, anafukuza povu. Ng'ambo ya maji, penye mawe, alikuwa ameketi mwanamke mwenye midomo iliyopasuka kwa baridi na mikono iliyojaa makovu. Nilimtambua mara moja. Wanawake waliokuwa wanachota walimpita kwa macho, kama walivyofundishwa. Askari wa Kimo alikuwa amesimama karibu na kivuko.

Bibi Mbonea alikuwa anazungumza na maji. Alifanya hivyo kila siku, nilikuja kuambiwa.

"Ameota magego," alikuwa anasema, anafua huku hajainua uso. "Anakula vizuri. Viazi anavitema. Baba yake amemchongea mzinga mdogo wa kuchezea. Usiku haamki tena kulia."

Ng'ambo mwanamke alicheka, habari ya viazi ilipomfikia. Kicheko kilivuka kijito, na mtoto akasimama. Akatazama. Akanyoosha kidole, akamgeukia bibi yake amwambie kile ni nini.

Vyombo vyote vilitulia. Askari aligeuza shingo. Kila mmoja wetu alijua neno linalotakiwa, na Bibi Mbonea, aliyeijua sheria kuliko Baraza, alilijua kuliko sisi sote. Aliiacha nguo majini. Alijifuta mikono kwenye khanga, polepole, akamnyanyua mtoto akamweka kiunoni.

"Yule ni mama yako," akasema. "Mpungie mkono."

Askari akageuka upande wa pili, akaanza kuuchunguza mlima kwa bidii kubwa. Mtoto alipunga mkono mmoja, kisha yote miwili. Mwanamke wa ng'ambo alipunga naye, akaendelea kupunga mpaka mtoto alipochoka na kulaza kichwa begani kwa bibi. Kisha akasimama, akajifunga mbeleko yake tupu, akashika njia ya juu, maana tangu asubuhi walio hai walikuwa wamekwisha kupeleka mawe mengine.